Viatu vya Asrat Mlangoni mwa Bete Maryam

Asubuhi ya Genna, Krismasi yetu, nilikuta viatu vya mdogo wangu Asrat mlangoni mwa kanisa.

Vilikuwa vimepangwa vizuri, visigino ukutani, ncha zikitazama nje. Ungedhani mwenyewe yuko ndani anasali, akimaliza atavivaa aende zake.

Tatizo lilikuwa moja tu.

Mdogo wangu alikuwa amekufa miezi sita iliyopita.

Najua mtasema Getaneh amekunywa tella, pombe yetu ya sikukuu, ikampanda kichwani. Sikuwa nimeonja hata tone. Nimelinda viatu kwenye milango ya makanisa ya Lalibela, yale yaliyochongwa chini ndani ya mwamba, miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu siwezi kukosea hapa duniani, ni kiatu.

Sura za watu huwa nasahau. Majina ndiyo kabisa. Lakini nionyeshe kiatu leo, uje nacho baada ya miaka miwili, nitakwambia ulikuja na nani na ulivua wa kwanza mguu gani.

Viatu vile vilikuwa vya ngozi ya kahawia. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha mpira wa tairi, kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

Niliushona mimi uzi ule. Mweusi ulikuwa umeniishia.

Asrat alicheka sana siku ile. "Kaka, umenishonea kiatu au umenifumia neti?"

Ndivyo alivyokuwa anaongea. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili, lakini mdomo wake ulinizidi miaka ishirini.

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe.

Tulikuwa watatu nyumbani. Mama yetu Yeshareg, mimi, na Asrat. Baba alishatangulia. Mimi na Asrat tulilinda viatu pamoja, pale kanisa la Bete Maryam, pamoja na mwanamke mmoja anaitwa Tiringo ambaye ana ulimi wa kumfukuza fisi.

Asrat alikuwa hatulii. Alitaka kwenda Metema, bondeni, kupalilia ufuta na rafiki yake Demeke. Mama akakataa katakata.

"Kule kuna homa," mama alisema. "Wanaenda vijana, zinarudi nguo."

Asrat angemsikiliza. Nawaambia ukweli, angemsikiliza, kwa sababu hakuwahi kumpinga mama hata mara moja.

Mimi ndiye niliyemvuta pembeni.

"Nenda bwana," nikamwambia. "Utanusa soksi za watalii mpaka lini? Mama atalia wiki moja, atanyamaza."

Akaenda. Alikuwa amevaa viatu vile vyenye uzi wa bluu.

Mama hakulia hata hiyo wiki moja. Alifanya kitu kingine. Alikwenda mbele ya picha ya Bikira Maria, akavua viatu vyake vya plastiki, akampa ombaomba wa pale getini. Akaweka nadhiri kwamba hatavaa kiatu mpaka Asrat arudi.

Kwa hiyo mama yangu mzazi akawa mtu pekee Lalibela ambaye sikuwa na viatu vyake vya kulinda. Alikuwa anapita mbele yangu peku, miguu imepasuka visigino, ananigusa bega, anaingia kanisani.

Mwezi wa Hamle, yaani Julai, mvua zinapiga kweli kweli, simu yangu ikaita. Demeke. Mtandao ulikuwa unakatika katika.

"Getaneh... homa... siku tatu tu... tumemzika hapa hapa..."

Ikakatika. Nilipiga siku nne mfululizo, haikupatikana tena.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwetu habari ya kifo haimwagwi hovyo kama maji ya kuoshea vyombo. Ina saa yake. Wazee wanakusanyika alfajiri, kasisi wa familia yupo mbele, majirani wamesimama uani kimya. Mlango unagongwa. Mfiwa anaketishwa, anaambiwa. Hapo ndipo kilio kinapoanza, na watu wapo tayari kumshika asijiumize.

Kabla ya hapo, anayejua anakaa kimya. Anakunywa kahawa na mfiwa, anacheka naye kama kawaida.

Na mfiwa mwenyewe, hata akihisi, halii. Kumlilia mtu ambaye hujaambiwa kafa ni kumchimbia kaburi kwa mikono yako.

Anayewaita wazee ni mkubwa wa nyumba. Asipowaita, hakuna atakayethubutu kuja.

Mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwa Abba Kinfe, kasisi wetu, anayepokea maungamo ya nyumba yetu yote. Nikamwambia kila kitu, mpaka lile neno la soksi za watalii. Mzee akafuta macho.

"Keshokutwa alfajiri," akasema. "Nitakuja na wazee. Wewe niambie tu."

Nikakubali.

Keshokutwa mama akaamka na kifua kinambana. Nikasema, acha apone kwanza.

Alipopona, ukaingia mfungo wa Agosti. Mama anafunga mpaka jioni, hali kitu. Nikasema, mtu mwenye njaa hivi ataubebaje msiba? Acha mfungo upite.

Ukapita. Ukaja Mwaka Mpya wetu, ule wa Septemba, watoto wanazunguka na maua ya njano wakiimba. Nani anampa mama yake habari ile siku ya maua?

Ikaja sikukuu ya Msalaba. Halafu ikaja hivi, ikaja vile.

Waswahili mnasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi niliumiza tumbo lisilokuwa langu.

Lakini niwe mkweli, mfungo na maua vilikuwa visingizio tu. Niliogopa swali moja. Niliogopa mama ataniuliza, "Nani alimwambia aende?"

Huku nyuma, Lalibela nzima ilishajua. Mji wetu mdogo, siri inazunguka kabla kahawa haijachemka. Ila kila mtu aliishika ile desturi barabara. Sokoni, kanisani, kisimani, hakuna aliyemtamkia mama jina la Asrat. Niliwashukuru sana moyoni.

Nikaanza kudanganya.

"Mama, Asrat kapiga simu, anakusalimia."

"Anasemaje?"

"Yuko salama. Kazi nyingi tu."

"Sauti yake ikoje?"

"Nzuri. Ana kikohozi kidogo."

Mama akageuza mchuzi wa shiro jikoni. "Mwambie avae sweta," akasema.

"Sawa mama, nitamwambia."

Wiki nyingine nilimnunulia shuka jeupe la pamba, nikasema limetoka kwa Asrat. Alilishika muda mrefu. Alilinusa, akalikunja, akalitia sandukuni. Hakuwahi kulivaa.

Kisha likaanza jambo ambalo nililiona ni la uzee.

Kila alfajiri, nikitoka nje kunawa uso, nakuta viti uani. Vigoda vyote vya nyumba, benchi la baba, hata ndoo imegeuzwa. Vyote vimepangwa, ua umefagiliwa. Na mama amekaa mlangoni, kavaa nguo ya kanisani, mikono mapajani.

"Mama, hivi viti vya nini?"

"Watu wanaweza kuja, mwanangu."

"Watu gani, alfajiri yote hii?"

Aliniangalia. Jamani, alivyoniangalia! "Huna la kuniambia, Getaneh?"

"La nini mama? Hamna kitu."

"Basi nirudishie viti ndani."

Nikavirudisha. Kila asubuhi nilivirudisha, miezi na miezi. Na mtu mzima na akili zangu, sikuelewa!

Tiringo alinichana siku moja pale mlangoni. "Gete, wewe ni mwanamume au ni soksi? Mwite Abba, mmwambie mama yenu yaishe."

"Ikipita Genna," nikamjibu.

"Ikipita Genna itakuja Ubatizo. Ikipita hiyo itakuja Pasaka. Sikukuu zetu unazijua, haziishi."

Abba Kinfe naye kila Jumapili swali lake lilikuwa lilelile.

"Umemwambia?"

"Bado, Abba. Ataumia."

"Anaumia tayari, mwanangu. Leo. Isipite leo."

Nilidhani ni maneno ya kikasisi tu, yale ambayo wanawaambia watu wote.

Ndipo ikafika Genna.

Mahujaji walikuwa maelfu. Wengine walitembea wiki mbili, na jioni ya kuamkia sikukuu tulikaa njiani na mabeseni kuwaosha miguu kama tunavyofanya miaka yote. Mama aliosha miguu mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Nikamwambia aende kulala, akasema ataenda kukesha kanisani. Alikuwa amefunga siku arobaini na tatu na alikuwa mwembamba kama ufito.

Asubuhi makasisi walipanga mstari juu ya ukingo wa mwamba, nguo nyeupe, ngoma shingoni, wakiimba. Sisi tulikuwa chini shimoni, mlangoni, tumezama kwenye viatu. Tiringo alikuwa anagombana na bwana mmoja aliyedai katoa viatu vipya tukampa vikuukuu.

"Baba, vipya ulivaa kwenye ndoto!" alikuwa anafoka.

Nikainama kusogeza mstari. Nikaviona.

Kahawia. Kiraka cha tairi. Uzi wa bluu.

Nikakaa chini. Viatu vile Asrat aliondoka navyo. Viatu vile vilikuwa Metema.

"Tiringo," nikasema. "Nani kaacha viatu hivi?"

"Watu elfu tatu wamepita hapa, nitajuaje?"

Akasogea. Akavitazama. Akaziba mdomo kwa mkono, maana naye alimkumbuka Asrat na utani wake wa neti.

Sikieni sasa kilichonijia kichwani.

Sikuwahi kuuona mwili wa Asrat. Nilisikia maneno machache kwenye simu mbovu. Je, kama nilisikia vibaya? Je, kama aliyezikwa ni mtu mwingine? Asrat yuko hai! Karudi kwa ajili ya Genna, kaingia kusali, katega viatu hapa makusudi anitanie!

Nililia machozi ya furaha, nawaambia. Nikamshukuru Mungu kwamba sikumwambia mama. Nilijiona nina hekima. Nilisema moyoni, tazama, subira yangu imelipa.

"Ingia basi ukamwangalie!" Tiringo akanisukuma.

"Siwezi kuacha viatu vya watu."

"Nitavilinda mimi!"

"Acha. Atatoka mwenyewe."

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikiwa nje, Asrat alikuwa hai. Sikutaka kuingia nikakuta vingine.

Nikakaa kando ya viatu vile. Nikavifuta vumbi kwa kitambaa changu cha kichwani. Nikapiga hesabu ya maneno nitakayomwambia, nikaanza na matusi.

Saa tatu. Saa nne. Saa tano.

Watu wakawa wanatoka, kila mmoja anaokota chake. Nilimtazama usoni kila mwanamume aliyeinama. Mstari ukapungua. Ukabaki wa jozi kumi. Jozi nne.

Saa sita na nusu ikabaki jozi moja.

Tiringo akaninyooshea mlango kwa kidole.

Nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza baada ya jua lile. Kulibaki harufu ya ubani na bibi mmoja tu upande wa wanawake, amekaa kaegemea nguzo, kajifunika shuka jeupe. Watu walimpita wakidhani kasinzia. Siku ya Genna nusu ya kanisa husinzia.

Shuka lilikuwa jipya. Lilikuwa lile la pamba, nililosema limetoka kwa Asrat.

"Mama," nikaita.

Nikamgusa bega, kama alivyokuwa akinigusa mimi.

Alikuwa wa baridi.

Sikumbuki nilivyopiga kelele. Tiringo anasema alinisikia akadhani mwamba umepasuka. Ninachokumbuka ni Abba Kinfe ananikumbatia kwa nguvu, ndevu zake zinanichoma, naye analia kama mtoto.

"Asrat yuko wapi?" nikawa namuuliza. "Viatu vyake viko nje! Asrat yuko wapi?"

Abba alinikalisha chini.

"Demeke alifika jana mchana na mahujaji," akasema. "Alivileta viatu vya marehemu kwa mama yako. Miezi sita imepita, alidhani umeshamwambia."

"Kwa hiyo mama alijua jana? Ndicho kilichomuua?"

"Hapana, mwanangu. Mama yako alijua tangu Hamle."

"Alikuja kuungama wiki moja baada yako," Abba akaendelea. "Aliniambia, 'Abba, zamani kila nikienda sokoni watu kumi waliniuliza, Asrat hajambo? Asrat kapiga simu? Wiki hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mwanangu amekufa.'"

Mji mzima ulinyamaza kwa heshima. Mama akasikia kile kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulimpiga yeye peke yake.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Mbona wewe hukuniambia?"

"Mimi niliyasikia kwenye maungamo, yake na yako. Ningekufa nayo. Lakini alinipa ruhusa. Alisema, 'Nikifa kabla hajaniambia, mwambie nilijua.'"

Akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Alisema, 'Nikilia kabla ya mwanangu kuniambia, watu watamwita mwongo. Kaniletea salamu za marehemu mpaka mezani. Nimeondokewa na mmoja, siwezi kumwaibisha aliyebaki.' Basi akawa anapanga viti, anasubiri uwaite wazee."

Viti.

Kila alfajiri. Ua umefagiliwa. Na mimi navirudisha ndani kimoja kimoja!

"Na jana," Abba akasema, "alipovipata viatu, aliniambia, 'Kesho nitaviweka mbele yake, pale anapofanya kazi. Getaneh hajui kukosea kiatu. Akiviona atakuja ndani kuniambia, na mimi nitalia, yaishe.' Akaingia, akakaa pale kwenye nguzo akitazama mlango."

Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, nafuta vumbi viatu, nafurahi.

Nilipata nguvu ya kuuliza jambo moja. Lile nililoliogopa miezi sita.

"Alijua nani alimwambia Asrat aende?"

"Asrat mwenyewe alimwambia siku anaondoka. Alikusamehe kabla hata mtoto hajafika Metema." Akanishika mkono. "Hakutaka kukuuliza chochote, Getaneh. Alitaka mlie pamoja."

Tulimpeleka mama nyumbani kusubiri mazishi ya asubuhi. Nilimwosha miguu kwa mkono wangu, ile iliyopasuka visigino. Miaka yote nimeosha miguu ya mahujaji wa watu, ya mama nikaiosha ikiwa haisikii maji.

Alfajiri nilifagia ua. Nikatoa vigoda vyote, benchi la baba, nikageuza na ndoo.

Nikawaita wazee.

Walikuja, Abba Kinfe mbele. Walidhani wamekuja kwa ajili ya mama. Nikawaomba waketi, nikapiga magoti kando ya mama, nikaweka viatu vya Asrat mbele yake kama tunavyoweka nguo za marehemu ambaye mwili wake uko mbali.

"Mama," nikasema, "Asrat amefariki. Ni homa, kule Metema, mwezi wa Hamle. Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Uani palilipuka. Mji ulikuwa umekibana kile kilio miezi sita, na siku ile kilitoka chote, cha mtoto na cha mama yake, huwezi kutenganisha. Tiringo aliviinua viatu juu kwa mikono miwili akizunguka navyo, analitaja jina la Asrat mpaka sauti ikamkauka.

Watu wote walilia, isipokuwa yule aliyengojea kulia kuliko wote.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna neno umelifungia mfukoni ukisubiri siku nzuri ya kulisema, liseme leo. Hakuna siku nzuri ya neno baya. Na usijidanganye kwamba unamlinda mwenzako. Mara nyingi unajilinda wewe, na yeye anajua, na anakusubiri.

Viatu vya Asrat bado ninavyo. Kila siku naviweka mwisho wa mstari pale mlangoni, na jioni vinabaki peke yake.

Wageni huniuliza, "Hivi mbona haviondoki, ni vya nani?"

Nawajibu palepale. Ni vya mdogo wangu, amefariki.